Maji Ndani ya Mkaa

Mama alikuwa amenificha jambo kwa miezi minne, na nililigundua kwa sababu tu nilifika nyumbani bila kupiga simu.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Kazini walikuwa wamekata maji, chuo kikafungwa mapema, nikaona badala ya kurudi kwangu Kiganjo niende nikalale kwa mama. Nyumbani ni juu kidogo ya Kianyaga, pale kahawa inapoanza kuipisha chai. Nilipofika langoni niliona moshi ukipenya kwenye mabati ya jiko la zamani, lile la mbao ambalo tulikuwa tumekubaliana liwe stoo ya viazi. Ndani nilimkuta mama ameinama mbele ya mafiga akipuliza kuni, macho yamemwiva, kikohozi kinamkatiza kila pumzi ya pili.

Aliponiona alisimama, akajifuta mikono kwenye leso.

"Maitu, mbona hukusema unakuja?"

Ananiita hivyo tangu nizaliwe. Ni kusema "mama yangu", kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Na wewe mbona unapika huku?" nikamuuliza.

Akageuza ukuni mmoja ambao haukuhitaji kugeuzwa.

Miezi mitano kabla ya hapo, hospitalini Kerugoya walikuwa wametuambia wazi kwamba kifua chake hakitastahimili moshi tena. Nilirudi siku ile nikiwa na uamuzi tayari, nikamjengea mtambo wa bayogesi. Haukuwa mkubwa: mfuko mrefu wa plastiki nzito uliolazwa ndani ya shimo, unalishwa samadi ya ng'ombe wake wawili, na mpira unatoa gesi mfukoni hadi kwenye jiko la plati mbili ndani ya nyumba. Siku ya kwanza niliwasha mwali mwenyewe. Majirani waliitwa, chai ikapikwa, mama akapiga makofi. Niliondoka nikijisikia mtoto aliyefanya jambo.

Sasa alinipeleka ndani akawasha plati ili nione. Mwali ulitoka mfupi, ukarukaruka, ukafifia, ukatoa mlio wa kubwata na kuzimika. Akauwasha tena.

"Inawaka," alisema kwa Kikuyu chetu, "lakini haina nguvu. Maharagwe yanakaa hapo mpaka ng'ombe wanakamuliwa mara ya pili. Na inakohoa kuliko mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema.

Usiku ule nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, nami nikawa nakifikiria kile kitu pekee nilichokijua kuhusu gesi ya samadi ambacho yeye hakukijua. Gesi hiyo si kitu kimoja. Ni mchanganyiko. Sehemu kubwa ni methani, ndiyo inayowaka, lakini sehemu nyingine isiyo ndogo ni hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa puani, ambayo haiwaki kabisa na inaupunguzia mwali joto. Nikajiambia kwamba kinachomsumbua mama ni hiyo. Nilikuwa na hakika, na hakika hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye yote yaliyofuata.

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika chuo kimoja mjini Nyeri. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini: kupima dawa, kuosha vyombo, kuwaandalia wanafunzi majaribio, kuwakumbusha kuvaa miwani. Wanafunzi huniita Mama, na walimu pia. Nilikuwa nimewaona watu wengi wakipitia mikononi mwangu wakiwa hawajui kushika pipeti, kisha wakirudi na shahada za uzamili na kuniomba niwatafutie ufunguo. Mwaka ule nami nilikuwa nimejiandikisha kusomea shahada hiyo, kimyakimya, na nilikuwa natafuta mada.

Msimamizi wangu alikuwa mhadhiri mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mmoja. Mimi namwita Daktari, yeye ananiita Mama, na tulikuwa tumezoea hivyo. Jumatatu nilimwambia nataka kutengeneza mkaa wenye vitundu wa kunasa hewa ya ukaa kutoka kwenye bayogesi.

"Kutoka kwa nini?" akauliza. "Wengi wametumia vifuu vya nazi."

"Sisi hatuna minazi, Daktari. Tuna makadamia."

Akacheka, akaandika jina la mada kwenye daftari lake.

Maganda niliyapata karibu na nyumbani, kwenye kiwanda kidogo kinachobangua makadamia. Wao huyachoma chini ya boila, na walinishangaa nilipoomba gunia moja. Ganda la makadamia ni gumu hasa. Nilipolipiga kwa nyundo kwenye sakafu ya maabara liliruka likagonga kabati. Nikajifunza kulifunga kwenye kitambaa kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya pole na ya kurudiarudia, na niliipenda kwa sababu hiyo. Unayavunja maganda, unayaweka kwenye tanuri ambalo hewa ya kawaida imefukuzwa kwa naitrojeni ili yasiwake yakawa majivu. Yanatoka meusi, yanalia yakigongana kama vigae. Hapo una mkaa tu, tofauti yake na ule wa sokoni si kubwa. Kisha unauchanganya na potasi kali, ile inayokula ngozi ukiigusa, unaurudisha tanurini kwenye moto mkali zaidi. Potasi inautafuna mkaa kwa ndani na kuacha vitundu. Baadaye unauosha, unauosha tena, siku mbili nzima, mpaka karatasi ya kupimia haibadiliki rangi.

Vitundu hivyo huvioni, hata kwa darubini tuliyo nayo. Ni vyembamba kiasi kwamba molekuli ya hewa ya ukaa ikiingia humo inakuwa karibu na kuta pande zote, na kuta zinaishika. Methani nayo huingia, lakini haishikwi kwa nguvu ile, basi inapita na kutoka upande wa pili. Hakuna kinachoungua wala kugeuka kitu kingine. Ukiupasha mkaa joto kidogo, au ukiinyonya hewa kwa pampu, kilichonaswa kinaachiliwa na mkaa unaweza kutumika tena.

Gesi ya kujaribia niliitoa kwenye mtambo wa shamba la chuo. Niliibeba ndani ya mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikauviringisha njia yote hadi maabara, wanafunzi wakinipisha huku wakitabasamu. Kwenye meza niliipitisha kwanza kwenye bomba la kioo lenye punje za buluu zinazonyonya unyevu, kisha kwenye bomba la pili lenye mkaa wangu. Nilipima uzito wa bomba la mkaa kabla na baada. Uzito ulioongezeka ndio ungekuwa hewa ya ukaa niliyoinasa.

Uzito uliongezeka kuliko nilivyotarajia. Nikarudia. Wiki iliyofuata ukaongezeka zaidi. Gesi iliyotoka upande wa pili niliiwasha kwenye mdomo wa bomba, nayo ikawaka mwali wa buluu uliosimama wima. Nikaipitisha kwenye maji ya chokaa, na kwa dakika kadhaa maji hayakupata ukungu, maana yake hewa ya ukaa haikuwemo. Niliandika namba zangu kwa wino mweusi, mwandiko wangu bora, nikampelekea Daktari.

Alizisoma akiwa amesimama. Akaketi. Akazisoma tena.

"Mama, hii ni kubwa," akasema. "Wenzetu walio na mitambo mikubwa hawajapata hivi kwa maganda ya aina hii. Una hakika?"

"Nimerudia kwa wiki sita."

Akaniandikia zamu ya kuzungumza kwenye semina ya idara, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na akawaandikia rafiki zake aliosoma nao ng'ambo. Kwa siku kadhaa nilitembea nikisikia mwili mwepesi. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Mhadhiri mmoja ambaye hakuwahi kunisalimu kwa zaidi ya kuinua kichwa alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza habari ya makadamia.

Nikaamua kwamba kabla ya semina nitampelekea mama mkaa wake.

Huko Majengo, mtaa wa hapo mjini, si mbali na msikiti, kuna fundi wa kuchomelea vyuma ambaye nimemtegemea kwa miaka mingi kila kitu cha chuma kinapovunjika maabara. Ni mzee sasa. Babu yake alikuwa Mnubi, nyanya yake Mkikuyu, na yeye amezaliwa na kukulia pale pale. Kiswahili chake kimenyooka, changu kilipinda tangu shule, na hachoki kunirekebisha. Ukisema "chombo yangu" anasubiri kwa upole mpaka useme "changu".

Nilimchorea nilichotaka: bomba la chuma la urefu wa mkono, lenye vifuniko vya kufungua pande zote mbili na wavu ndani wa kuuzuia mkaa usitoke.

"La nini, binti?"

"La kuchuja gesi ya mama. Haina nguvu."

"Umeiona hiyo gesi inavyowaka?"

"Nimeiona. Inarukaruka na kuzima."

Aliniangalia juu ya miwani yake, akataka kusema kitu, akaacha. "Basi nitakuja nalo mwenyewe," akasema. "Chuma changu sipendi kifungwe na mtu mwingine."

Jumamosi alinipitia kwa pikapu yake. Karatina soko lilikuwa limejaa, mikokoteni ya kabichi imeziba barabara, tukasubiri karibu nusu saa huku yeye akinunua ndizi dirishani kwa mama mmoja aliyemjua. Tulifika Kianyaga saa tano. Mama alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani, na kwa sababu ya mgeni akazungumza Kiswahili, chake cha nyumbani.

"Karibu, Mzee. Hii gesi imenichosha kabisa. Ati msichana yangu ameleta dawa yake."

"Tutaiona, mama," fundi akasema. Hakumrekebisha.

Nilikuwa nimeshaanza kufungua mfuko wa mkaa. Yeye hakulishughulikia bomba lake. Alitoka nje akaufuata mpira wa gesi kutoka kwenye mfuko wa samadi, hatua kwa hatua, akiupapasa kwa kiganja. Mpira ule ulipita chini ya ua, ukaning'inia kati ya nguzo mbili, kisha ukapanda dirishani. Pale uliponing'inia akasimama. Akaukanda. Ukatoa sauti.

"Nipeni karai."

Mama akaleta lile la kuoshea vyombo. Fundi akafunga valvu, akauchomoa mpira, akauinamisha juu ya karai. Yakatoka maji. Si matone. Yalitiririka, yenye rangi ya chai nyepesi na harufu ya zizi, mpaka yakafunika sakafu ya karai, na yalipokwisha akauinua upande wa pili na mengine yakatoka.

"Gesi hii inatoka kwenye samadi yenye joto," akasema huku akijifuta mikono. "Inabeba maji kama pumzi yako inavyobeba asubuhi ya baridi. Huku nje baridi inayageuza, yanakusanyika hapa penye tumbo. Gesi inabidi ipenye majini. Ndiyo maana inabwata."

Akaunyoosha mpira, akaufunga kwa waya ili uteremke kuelekea upande mmoja, akaweka mahali pa chini kabisa chupa ya kukusanyia maji. Tukaingia ndani. Mama akawasha plati.

Mwali ulisimama mviringo kamili. Akaweka sufuria, akakaa kwenye kigoda akiitazama. Maji yalichemka hatujamaliza ndizi.

"Na hiyo dawa haijawekwa?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, na hata kikohozi hakikumwondolea kicheko. Nami nilicheka. Kisha nikazikumbuka zile punje.

Punje za kunyonya unyevu huwa buluu zikiwa kavu. Zikishashiba maji hugeuka rangi ya waridi, na hapo hazifanyi kazi yoyote mpaka uzikaushe kwenye oveni. Kila mwanafunzi aliyepita mbele yangu nimemwambia: tazama rangi kabla ya kuanza. Nikiwa nimeketi pale jikoni kwa mama, nilijaribu kukumbuka rangi ya punje zangu wiki iliyopita, na wiki iliyotangulia. Nilikumbuka mizani. Nilikumbuka mwali. Rangi ya punje sikuikumbuka.

Tulifunga bomba la fundi hata hivyo, kwa kuwa tulikuwa tumesafiri nalo. Mwali ukawa mkali zaidi kwa muda, nikaona kwa macho yangu kwamba mkaa unafanya kitu. Njiani kurudi fundi alizungumza juu ya wajukuu wake, nami nikajibu ndiyo na hapana.

"Umekasirika kwa sababu ya maji?" akaniuliza tulipokaribia mjini.

"Hapana, Mzee. Ninaogopa."

Hakuniuliza ninaogopa nini. Alinishusha kituoni akaniambia nimsalimie mama.

Jumapili baada ya kanisa nilimwomba mlinzi anifungulie lango la chuo, nikaingia maabara. Punje zilikuwa pale mezani ndani ya bomba lao la kioo, na hazikuwa na chembe ya buluu. Zote waridi, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha nikachukua mkaa wa jaribio la mwisho, lile lililompendeza Daktari kuliko yote, nikaupasha joto polepole, na juu ya mdomo wa bomba nikaweka kipande cha kioo nilichokuwa nimekipoza kwenye friji.

Kioo kikapata ukungu. Ukungu ukawa matone, matone yakaungana yakashuka pembeni. Niliyakusanya kwenye kikombe kidogo, nikayapima. Sehemu kubwa ya uzito niliokuwa nimeuandika kwa wino mweusi ilikuwa ile pale, ndani ya kikombe. Nilikuwa nimepima maji.

Nikaosha vyombo. Ndicho kitu ninachofanya nisipojua la kufanya. Na nilipokuwa naosha nilifikiria, sitaficha, kwamba hakuna mwingine anayejua. Punje zingeweza kurudi buluu ndani ya saa tatu za oveni. Mimi ndiye mwenye funguo, mimi ndiye ninayeandika daftari. Watu wa semina wangesikiliza, wangepiga makofi, wangeenda kunywa chai. Nilifikiria yule mhadhiri wa kwenye ngazi. Nilifikiria pia kwamba mtu mahali fulani angesoma namba zangu, akachukua maganda yake, akajaribu, akashindwa, akadhani kosa ni lake. Nimewaona wanafunzi wa aina hiyo. Wanakaa maabara mpaka wanafukuzwa, wanarudiarudia, wanajiona wajinga.

Sikuziweka punje kwenye oveni. Niliziacha kama zilivyokuwa.

Jumatatu nilimngoja Daktari mlangoni kwake. Nilimwonyesha bomba la waridi na kikombe cha maji, nikamweleza yote kwa mfuatano, pamoja na karai la mama. Nilipomaliza aligeukia dirishani.

"Wiki zote sita?"

"Sijui ni lini ziligeuka, Daktari. Kwa hiyo ni zote."

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kutazama rangi. Nikiwa mwaka wa kwanza. Unakumbuka?"

Sikuwa nakumbuka. Wamekuwa wengi. Lakini ilinichoma kuliko kama angenipigia kelele.

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

Nikaona swali lile lilivyomkaa usoni. Naye alikuwa ameandika barua zake, naye alikuwa na watu wake wa kumsimamisha kwenye ngazi. Akasema, "Niache leo. Njoo kesho."

Siku ile sikula chakula cha mchana. Jumanne asubuhi nilimkuta amefika kabla yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea, amevaa koti la maabara na amesimama mbele ya mizani.

"Nimewaandikia wale rafiki zangu jana jioni," akasema. "Nimewaambia namba si sahihi na kwa nini. Nimewaambia pia kwamba mimi nilizisoma mara mbili na sikuuliza habari ya unyevu. Hilo ni langu. Semina ipo palepale. Utazungumza juu ya maji."

"Nizungumze juu ya kosa?"

"Una kitu kingine?"

Sikuwa nacho. Alhamisi nilisimama kwenye ukumbi mdogo mbele ya watu kama thelathini. Nilionyesha namba zangu nzuri, kisha nikaonyesha picha ya punje za waridi. Kulikuwa na minong'ono. Profesa mmoja mzee aliyeketi mbele akauliza, "Kwa hiyo, Mama, ulipima maji kwa wiki ngapi?"

"Sita, Profesa."

"Mimi niliwahi kupima vumbi muhula mzima," akasema, na ukumbi ukacheka, mimi nikiwamo. Yule mhadhiri wa kwenye ngazi hakucheka. Alitoka kabla ya maswali kwisha, na hadi leo tumerudi kwenye kuinua vichwa tu.

Msichana mmoja wa mwaka wa tatu akauliza kama maji na hewa ya ukaa hugombania vitundu vilevile. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kujiuliza mimi mwenyewe, na likawa sura nzima ya tasnifu yangu.

Tulianza upya. Mabomba mawili ya kukaushia badala ya moja, na rangi ya punje inaandikwa daftarini kabla ya uzito wowote, na kila ninachoandika Daktari anaweka sahihi. Namba zilizotoka zilikuwa ndogo. Zilikuwa sehemu tu ya zile za kwanza, za kawaida, zinazofanana na za watu wengine waliotumia maganda mengine. Lakini zilirudi zilezile kila tulipopima, Jumatatu kwa Ijumaa, kiangazi kwa mvua za Aprili. Na tulipoachia unyevu kidogo makusudi, tuliona jinsi maji yanavyokalia vitundu na kuiacha hewa ya ukaa nje, taratibu, kipimo kwa kipimo. Nilihitimu mwaka uliofuata. Mama alikuja, akakaa juani kwa saa nne na hakukohoa ila mara mbili. Nilihesabu.

Bomba la fundi halikudumu nyumbani. Mkaa ulikuwa unashiba haraka, kabla hata ya ugali kuiva, na ilimpasa mama aufungue, aupashe joto, aurudishe.

"Maitu," aliniambia kwenye simu wiki ya tatu, "hii kitu yako ni mtoto mchanga. Kila saa inataka kubadilishwa. Nimeitoa."

"Na mwali?"

"Mwali uko sawa. Mimi namwaga tu maji ya chupa asubuhi."

Kuni bado anazo. Jumamosi hupika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mafiga, sufuria kubwa, kwa sababu anasema ya gesi haina ladha, na nimeacha kubishana naye kuhusu hilo. Siku nyingine zote jiko la mbao limefungwa, na viazi vimeingia.

Bomba nilimrudishia fundi. Aliligonga ubavuni kwa kidole, akaniambia litahitaji ndugu yake: mabomba mawili yakipokezana, moja likinasa wakati jingine linanyonywa na pampu, ili mtu asilazimike kufungua chochote. Hilo ndilo wenye viwanda hufanya, na hakuwa amelisoma popote. Sasa mabomba hayo mawili yamesimama kwenye shamba la chuo, nyuma ya zizi, yamepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye lango la mtu. Gesi inapita kwanza kwenye mtego wa maji, kisha kwenye punje, ndipo inafika kwenye mkaa wa makadamia. Yule msichana wa mwaka wa tatu ndiye anayeyasimamia siku hizi kwa mradi wake. Jana alinipigia simu kuniambia pampu inavuja kwenye shingo, na kwamba fundi amesema anakuja saa nne, na nisisahau kuleta ufunguo wa stoo.